Request: “omba” au “ombi”? Ulinganisho kwa anayeandika barua za Kiingereza

Kwenye steshenari ninayofanyia kazi, hatua chache kutoka Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, barua za Kiingereza hufika kwa njia mbili. Yupo mteja anayekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kompyuta na kunieleza shida yake kwa Kiswahili ili nimwandikie, na yupo anayekuja na barua aliyokwisha kuitunga mwenyewe kwenye simu, ambaye anachotaka ni ichapwe, aisaini na iskaniwe kabla ofisi hazijafungwa. Neno linalojitokeza sana katika barua hizo ni “request”, na katika barua za kundi la pili ndilo linaloharibika mara nyingi kuliko mengine. Kinachoharibika si neno lenyewe, bali ni kihusishi chenye herufi 3, “for”, ambacho mara hustahili kulifuata na mara hakistahili, kutegemea kama “request” hapo ilipo ni kitenzi au ni nomino.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja mwenye mitumbwi huko Ukerewe, akiwa na barua kwa muuzaji wa injini aliye nje ya nchi. Kichwa cha barua kilisomeka “RE: REQUEST FOR A NEW PROPELLER”, na sentensi ya kwanza ikaanza “I am requesting for a new propeller”. Nilipoifuta “for” ya chini na kuiacha ya juu, mzee aliinamia skrini.

“Mwanangu, mbona ya huku umeikata na ya kule umeiacha? Si neno lile lile?”

“Kwa macho ni lile lile, mzee. Ila la juu ni ombi, la chini ni kuomba.”

Jibu hilo ndilo msingi wa ulinganisho wote. Kiingereza huliacha neno “request” na sura ileile liwe linataja kitendo cha kuomba au kitu kiitwacho ombi. Kiswahili hubadili mwisho wa neno, “omba” ikawa “ombi”, na kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hapati nafasi ya kuchanganya. Ziweke sentensi za mzee ubavuni kwa ubavu:

Kitenzi: “I request a new propeller.” Ninaomba propela mpya.

Nomino: “My request for a new propeller.” Ombi langu la propela mpya.

Hakuna mtu kuanzia Kirumba hadi Bukoba atakayesema “ninaomba la propela”. Kitenzi “omba” hukishika kinachoombwa kwa mkono wake chenyewe, bila kiungo, ilhali nomino “ombi” haiwezi kukigusa mpaka ipewe “la” katikati. “Request” hufanya hivyo hivyo: kama kitenzi hukishika kinachoombwa moja kwa moja, na kama nomino huhitaji “for”. Jambo la kustaajabisha, basi, ni kwamba kosa hili halitokani na Kiswahili, kama walimu wengi wanavyodhani wanapomwambia mwanafunzi aache kutafsiri. Mwanafunzi angetafsiri kwa uaminifu kutoka “ninaomba propela”, angeandika sentensi sahihi.

Mimi naamini kwamba “for” hiyo hudondoka kutoka kwenye kichwa cha barua. Tunapofundishwa barua rasmi shuleni, tunafundishwa kuanza na kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, “YAH: OMBI LA” fulani kwa Kiswahili na “RE: REQUEST FOR” fulani kwa Kiingereza, kisha tunaingia kwenye aya ya kwanza tukiwa na kichwa hicho mbele ya macho. Macho huyachukua maneno mawili kama vile ni neno moja. Pia kuna “ask for”, kitenzi cha maana iliyo karibu kabisa, ambacho kwa kawaida hudai “for” kinapotaja kitu kinachoombwa: “I asked for a propeller” ni sahihi, na kwa hiyo sikio linaona “I requested for a propeller” nayo itafaa. Haifai, ingawa husikika Nairobi, Kampala na hata Lagos, na ingawa msomaji yeyote ataielewa. Anayepokea barua ya biashara huelewa mambo mengi ambayo hata hivyo yanampunguzia imani na aliyemwandikia.

Kwa kuwa neno halibadiliki sura, anayetaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili hana budi kuwatazama majirani zake. Likitanguliwa na “a”, “the”, “this”, “your” au “our”, ni nomino. Likitanguliwa na “I”, “we”, “to” au “will”, ni kitenzi, na likivaa mkia wa “-ing” baada ya “am” au “are”, bado ni kitenzi, jambo ambalo husahauliwa kuliko yote, kwa sababu “I am requesting” ina urefu unaoifanya ionekane rasmi na kustahili kihusishi. “Requested” inayosimama baada ya nomino nayo ni kitenzi: hati zilizoombwa ni “the documents requested”, si “the documents requested for”.

Tahadhari moja ndogo ni kwamba “for” ikikaa mbali na kitenzi, baada ya kinachoombwa kwisha kutajwa, huwa inafanya kazi nyingine na haina kosa. “We requested a boat for the inspectors” inasema kwamba tuliomba boti kwa ajili ya wakaguzi. Kinachoombwa ni boti, nayo imefuata kitenzi bila kizuizi. Nimewahi kuona mtu aliyekwisha kuonywa kuhusu “for” akizifuta zote katika barua, hata hizi, na barua ikatoka ikiwa mbovu kuliko alivyoileta.

Mpaka hapa Kiswahili kimekuwa mwongozo mzuri. Sasa nitaje mahali ambapo kinapotosha, maana yapo mawili na ni makubwa.

La kwanza liko upande wa kitenzi. Sisi husema “nakuomba propela”, tukiweka ndani ya neno moja anayeombwa na kisha kutaja kinachoombwa. Kiingereza hakiwezi kubeba wote wawili kwa namna hiyo juu ya “request”, na “I request you a propeller” si sentensi. Mwandishi inambidi achague. Akitaka kutanguliza kitu, ataandika “I request a new propeller from your company”, na anayeombwa atakuja nyuma ya “from”. Akitaka kumtanguliza mtu, itambidi ataje kitendo badala ya kitu: “I request your company to send me a new propeller”. Njia ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote kwa barua za ofisini, ni kutumia “that”: “I request that your company send me a new propeller”. Hapo wateja wangu huniuliza kwa nini “send” haina “s” ilhali kampuni ni moja. Jibu lipo tena mdomoni mwao. Hatusemi “naomba kampuni yenu inanitumia”, tunasema “naomba kampuni yenu initumie”, kwa sababu jambo halijatokea bado na linatakiwa tu. Kiswahili huonyesha hivyo kwa irabu “e” mwishoni, na Kiingereza huonyesha hivyo kwa kukiacha kitenzi kitupu. Wengine, hasa Uingereza, huandika “should send”, na hilo nalo halina kosa.

Kitenzi hiki pia hukaa vizuri katika hali ya kutendwa, na tangazo la “Abiria mnaombwa kubaki kwenye viti vyenu” hugeuka bila taabu kuwa “Passengers are requested to remain seated”. Lakini hiyo ni lugha ya matangazo. Ukimwandikia mtu mmoja kwamba “you are requested to pay”, umempandia jukwaani na kipaza sauti.

Upotoshaji wa pili uko upande wa nomino, na ndio unaonipa kazi zaidi, kwa sababu hata wanaojua Kiingereza vizuri huuangukia. Kiungo chetu “la” kina kazi mbili ambazo hatuzioni. Tunasema “ombi la mnunuzi”, tukimaanisha kwamba mnunuzi ndiye aliyeomba, na tunasema “ombi la sampuli”, tukimaanisha kwamba sampuli ndiyo iliyoombwa, na hatuchanganyikiwi, kwa kuwa tunajua sampuli haina mdomo. Kiingereza huzitenganisha kazi hizo. Mwombaji huja na “of” au alama ya umiliki, “the request of the buyer” au “the buyer’s request”, na kinachoombwa huja na “for”, “the request for samples”. Anayeandika “our request of samples” amefuata “la” ya Kiswahili kwenye njia isiyo yake. Ukitaka kuwaweka mwombaji na kiombwacho pamoja, nomino ya Kiingereza inawachukua wote bila msongamano, “the buyer’s request for samples”, mahali ambapo Kiswahili hulazimika kujizungusha kidogo kwa “ombi la mnunuzi la kupatiwa sampuli”. Kwa hiyo kila unapofika kwenye “la”, jiulize kama anayefuata ndiye aliyeomba au ndicho kilichoombwa, na tarehe ya kuandikwa kwa ombi ihesabu upande wa “of”: “our request of 3 March”.

Nomino hii huhesabika, kwa hiyo ikiwa moja haiwezi kutembea peke yake kama “ombi” letu linavyotembea. “Tuna ombi” ni “We have a request”, na anayeidondosha “a” amefanya kosa ambalo kwa idadi, katika barua ninazozipokea, linashika nafasi ya pili. Vitenzi vinavyoandamana nayo navyo vina mazoea yake. Sisi hutoa ombi. Waingereza hawalitoi, hulitengeneza, “make a request”, au huliwasilisha, “submit a request”. Ombi linapokubaliwa na mwenye mamlaka huwa “granted”, na linapokataliwa huwa “refused”, “declined” au “turned down”, hili la mwisho likiwa la mazungumzo zaidi. Kuna pia virai viwili vya biashara ambavyo anayeuza minofu ya sangara au dagaa wakavu hawezi kuvikwepa: “on request”, kama katika “Samples are available on request”, yaani sampuli zitatolewa zikiombwa, na “at your request”, yaani kwa ombi lako. Kwa “kama ulivyoomba” mimi huandika “as you requested” na kuiacha “as per your request” kwa wanaolipwa kwa idadi ya maneno.

Sasa ikiwa njia zote mbili ni sahihi kisarufi, mtu achague ipi? Katika sentensi inayoomba kwa mara ya kwanza, chagua kitenzi. “We request an inspection” ina maneno 4 na inamtaja anayeomba mwanzoni kabisa. “We are making a request for an inspection” ina maneno 8 na haijaongeza kitu ila mashaka kwamba mwandishi anasitasita. Katika kichwa cha barua, chagua nomino. Katika barua ya kufuatilia, chagua nomino tena, kwa sababu ombi limekwisha kuwa kitu chenye tarehe, kinachoweza kukaa kwenye faili, kusahauliwa na kukumbushwa: “Our request of 3 March has not been answered” ni sentensi yenye heshima inayouma bila kumtaja mtu, na hilo kitenzi hakiliwezi vizuri.

Kuhusu kichwa nina kisa kinachonihusu mwenyewe. Niliwahi kumwandikia mfanyabiashara wa dagaa barua pepe ya kwenda kwa msambazaji wa mifuko ya kufungashia; mfanyabiashara huyo alitaka atumiwe mfuko mmoja wa mfano kabla ya kununua. Kwa kubana maneno niliandika kichwa “Request packaging sample”. Jibu lililorudi liliuliza ni sampuli gani wanatakiwa kuiomba, na kwa nani. Bila “for” upande mmoja, na bila “a” wala “our” upande wa pili, neno langu lilisomeka kama kitenzi cha kuamuru: ombeni sampuli ya kufungashia. Ni sahihi kwenye kitufe cha tovuti, ambacho kinamwambia anayekibofya afanye hivyo hasa, kama katika “Request a quote”, yaani omba bei. Kwenye kichwa cha barua ni kumwamuru mtu aombe kitu ambacho wewe ndiye unayekitaka. Ilitakiwa niandike “Request for packaging sample” au niligeuze, “Packaging sample request”, ambapo nomino imekaa mwisho na “for” haihitajiki tena kwa kuwa kiombwacho kimetangulia. Siku tatu zilipotea, na yule mama wa dagaa, kwa ustahimilivu wake, hakunidai nauli.

Kabla ya kuchagua kati ya kitenzi na nomino, hata hivyo, inafaa kuhakikisha kwamba “request” ndilo neno lenyewe, kwa sababu “omba” yetu ni pana kuliko ziwa. Maombi ya kazi na ya leseni ya uvuvi si “request”. Ni “application”, na kitenzi chake “apply” hudai “for” sawasawa na nomino, “apply for a licence” na “an application for a licence”, kwa hiyo hapo hakuna cha kukata. Maombi ya kanisani ni “prayer”. Anayeomba barabarani ana kitenzi chake, “beg”. Na rafiki anayemwomba rafiki amsogezee kiti hatumii “request” hata kidogo, atatumia “ask” au atauliza tu kwa “could you”. Neno “request” lina tai shingoni; kwenye ujumbe wa WhatsApp kwa mnunuzi mliyezoeana linaonekana kama limekuja kufungua mkutano.

Wenzake wapo. “Demand” hufuata njia ileile, “demand payment” kwa kitenzi na “a demand for payment” kwa nomino, na “order” vilevile: unaagiza barafu ni “order ice”, agizo la barafu ni “an order for ice”. “Discuss” hukataa “about” kama “request” inavyokataa “for”, ingawa “discussion” huipokea. Wapo pia wanaobadili mkazo wanapobadili kazi, kama “export”, inayokazwa mwanzoni ikiwa bidhaa na mwishoni ikiwa kitendo. “Request” haimo kati yao, hukazwa silabi ya pili siku zote. Na wapo wanaobadili tahajia tu: kwa maandishi ya Uingereza tunayoyafuata Tanzania, leseni yenyewe ni “licence” na kutoa leseni ni “license”, wakati Marekani huandika zote kwa “s”.

Mwenzake anayehitaji uangalifu zaidi ni “search”, kwa kuwa yeye kama kitenzi hukubali njia zote mbili na maana hugeuka. “They searched the boat” ina maana kwamba walipanda mtumbwini wakapekua kila kona. “They searched for the boat” ina maana kwamba mtumbwi wenyewe haukuonekana na watu walikuwa ziwani wakiutafuta. Kwenye ripoti ya ajali, tofauti hiyo si ya mapambo.

Barua ya mzee wa Ukerewe ilipokuwa tayari niliziba kichwa chake kwa kiganja, kama ninavyofanya kwa barua zote, nikamsomea aya ya kwanza peke yake ili “for” ya juu isinidanganye: “I request that your company send me a new propeller to replace the one which cracked”. Nikamtafsiria neno kwa neno. Alitikisa kichwa kukubali, akasaini, akaikunja nakala yake mara mbili na kuitia mfukoni mwa shati, kisha akauliza kama ile barua ya kuagiza barafu, niliyomchapia wiki iliyotangulia kama alivyoileta bila kuigusa, nayo ilikuwa na “for”.

Ilikuwa nayo.